Tipoi ya Mama Zuena Hairudishi Maiti

Nimekabidhi ufunguo wa chumba cha kuzalishia, na ninyi mliobaki mmesema nisiondoke kimya kimya, niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Sawa. Habari za vyeo sitaziandika kwa sababu sikupanda, na za mshahara sitaziandika kwa sababu mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi. Na mtu akiandika kazi ya ukunga ya upande huu wa Wamaza, hana njia ya kumkwepa Mama Zuena.

Hakuwa muuguzi. Alikuwa rele wa kijiji cha ng'ambo ya mto, yaani mwanakijiji anayejitolea kukiunganisha kijiji chake na kituo cha afya, bila malipo, na kwa upande wake bila kupumzika pia. Wengi wenu mlimkuta akiwa bibi wa kuogopwa, mwenye wajukuu waliotapakaa mpaka Kasongo. Mimi nilimkuta akiwa mama wa makamo, na alikuwa wa kuogopwa tangu siku hizo.

Nilifika hapa nikitokea Kasongo, nimekaa nyuma ya baiskeli ya mtu nisiyemjua, sanduku langu likifuata kwa baiskeli nyingine ambayo ilifika kesho yake bila maelezo. Muuguzi mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. Alinionyesha vyombo vyote kwa mpigo mmoja: meza ya kuzalishia yenye mguu uliokazwa kwa kipande cha tairi, sufuria ya kuchemshia mikasi, taa ya mafuta, na koni ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Koni hiyo ndiyo mnayoitumia hadi leo. Mashine za betri zimekuja na kwenda tangu hapo, lakini koni haijawahi kuniomba betri. Itunzeni, na msiiweke juu ya jiko.

Nyuma ya jengo niliona machela ya chuma, nzima, ya zile zinazoletwa na miradi. Juu yake walikuwa wameanika muhogo. Nilimwuliza mlinzi inakuwaje chombo cha wagonjwa kianikiwe muhogo.

"Ile haibebe watu, Dokta," alisema, huku akiendelea kuugeuza muhogo wake.

Huku kila anayeshika sindano huitwa dokta, kwa hiyo msivimbe kichwa. Nikamwambia kwamba mimi ni mkunga. Akajibu, "Ndiyo, Dokta."

Habari ya machela ile niliielewa kabla mvua hazijaisha. Asubuhi moja aliletwa mwanamke kijana kutoka ng'ambo, Mwajuma, akiwa na uchungu wa muda mrefu na damu nyingi. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa mjomba wake, na kaka yake Ramazani anaisukuma baiskeli. Mnaijua njia ya ng'ambo: vilima viwili, bonde la matope, na lile daraja la magogo. Mwanamke mwenye uchungu aliipita yote hiyo akiwa amekaa. Nilimlaza mezani. Nilikuwa bado natafuta mshipa wa kumtundikia maji alipokata roho. Mtoto alikuwa ametangulia.

Nilitoka nje nikamkuta mama yake amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, matope mpaka magotini. Huyo ndiye Zuena. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Dokta, kama angeletwa mwenye kulala, angepona?"

Shuleni walitufundisha maneno ya kumwambia mfiwa. Yote yaliniruka. Nikasema, "Labda."

"Labda," alirudia.

Nikamwuliza kwa nini hawakutuma kijana kuja kuchukua machela. Aliniangalia kwa muda, nadhani akipima kama mimi ni mjinga au ni mgeni tu.

"Ile machela ilimurudisha katekista, akiwa maiti. Imeshajua njia ya kurudisha maiti. Mwajuma mwenyewe alikataa. Alisema, heri nifie mu nyumba ya mama. Weye ungelala pale, na mimba?"

Nilitaka kusema kwamba imeoshwa kwa sabuni. Ilikuwa imeoshwa kweli. Lakini nilijiona mimi mwenyewe nimelala pale na tumbo langu, nikaona kwamba nisingelala. Mchana ule wakatoa muhogo, na machela ya chuma ikamrudisha Mwajuma kwao. Kwa kazi hiyo hakuna aliyeikataa.

Matanga yalipokwisha, Zuena alirudi na Ramazani, ambaye alikuwa amebeba mianzi mirefu begani. Akaniambia nilale sakafuni.

"Nilale vipi, Mama?"

"Vile mwanamuke wa mimba analala akiwa na maumivu. Si vile ya kitabu. Vile ya kweli."

Nikalala ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja, mkono chini ya kichwa. Ramazani alinipima kwa kamba, akaifunga mafundo. Huo ndio mchango wangu wote katika tipoi ile, na naomba ukumbukwe. Tipoi mnaijua: kiti kirefu cha kulalia, kimesukwa kwa kamba za msituni, kimefungwa kati ya miti miwili, kinabebwa mabegani na watu wanne. Ya kwake ilikuwa ndefu kuliko za zamani, pana upande wa magoti, na ilikuwa na ukingo mdogo wa kushika wakati maumivu yanapokuja. Miti aliikausha juu ya moshi wa jiko lake ili isitobolewe na wadudu, halafu akaipaka mawese. Ikawa nyeusi, laini, na ikinuka jiko lake siku zote.

Kuitengeneza ilikuwa rahisi. Kupata mabega ndiyo ilikuwa kazi. Aliniita siku alipowakusanya wanaume wa kijiji, nadhani ili kuwe na mtu wa kituo. Wa kwanza kukataa alikuwa mume wake, Mzee Asani.

"Baba yangu alibeba Wazungu mu tipoi," alisema Asani. "Walimubebesha mpaka mabega yake yakaota nundu. Nilikuwa mutoto, nilikuwa namukanda na maji ya moto. Aliniambia, mutoto wangu, hii mabega yako, hapana kubebea mutu. Nimeshika neno lake mpaka leo."

Karibu kila nyumba ya huku ina babu wa namna hiyo. Hata mimi, wa kwetu Kasongo, nina wangu. Nikajua shughuli imeishia hapo.

Zuena hakupandisha sauti. "Baba mukwe alibeba watu wenye miguu mizima," alisema. "Mwajuma siku ile hakukuwa na miguu. Niambie tu, Baba Ramazani. Mwajuma alikuwa Muzungu?"

Asani alisimama, akatoka nje. Nilidhani ameenda zake. Alirudi kutoka upande wa jikoni akiwa na mti mmoja wa tipoi begani, akautembeza hatua chache, akageuka.

"Hii iko mufupi," alisema. "Itamupiga wa nyuma ku kifua. Tukate ingine."

Tangu siku ile Asani ndiye alikuwa bega la mbele, kulia.

Sasa sikilizeni masharti ya tipoi hiyo, maana ndiyo yaliyoifanya iwe na kazi. Ilining'inizwa barazani kwa Zuena, kivulini, na hakuna aliyeikalia. Shefu wa pale, yaani mkuu wa kijiji, alijaribu mara moja. Kulikuwa na mkubwa fulani anayekuja kutembelea, na shefu akaona itapendeza afike mbele ya wageni akiwa amebebwa. Alimwendea Zuena mwenyewe, na kofia yake.

"Shefu, unaumwa?" Zuena aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni juu ya heshima tu."

"Heshima haina homa. Miguu yako iko?"

"Iko."

"Basi itakufikisha."

Shefu hakumsalimia kiangazi kizima. Mwaka uliofuata tipoi ilimbeba mke wake mdogo, mtoto amekaa vibaya tumboni, na shefu alitembea nyuma mpaka kituoni akishika viatu vya mke wake mkononi. Baada ya hapo salamu zilirudi.

Sharti jingine lilikuwa la njiani. Tipoi ikiwa na mtu, wabebaji wanapiga kelele moja tu, "Njia!", na kila kitu kinaingia majanini: baiskeli, mbuzi, mwalimu, shehe, padri. Pikipiki za kwenda Salamabila zilipoanza kujaa, na mizigo yao ya sabuni na bia, madereva walidhani sheria hiyo ni ya watu wa miguu. Mmoja alipiga honi. Zuena alikwenda akasimama mbele ya gurudumu lake, mikono kiunoni, mpaka dereva alipoisukuma pikipiki, mzigo na yote, ikaingia majanini.

Na sharti kubwa ni hili: tipoi haimrudishi maiti. Inakuleta ukiwa mgonjwa, inakurudisha ukiwa mzima, au inarudi tupu. Nisieleweke vibaya, hakuna aliyedanganywa. Kila mtu alijua kwamba wengine waliobebwa nayo walifia mikononi mwangu. Lakini wao walirudishwa kwa machela ya chuma, na machela ile ilipoondoka na watu wa bunduki waliopita hapa, sijui walimbebea nani, tukaanza kukata miti mibichi msituni, tunafunga, tunambeba marehemu, na miti ile inatupwa mwisho wa safari. Tipoi ilibaki safi. Nimewaona wanawake waliokataa dawa zangu, waliokataa sindano, waliokataa hata kunitajia jina la baba wa mtoto, wakaambiwa tipoi ya Mama Zuena iko mlangoni, wakanyanyuka wenyewe wakaenda kulala. Ninyi mnaotoka shule mnaweza kucheka. Chekeni, halafu hesabuni wanaofika wakiwa wamelala.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Akimwona mke wa mtu anakataa samaki, siku hiyo hiyo anakuja kwangu kusema ana mimba, tumngojee, wakati mume mwenyewe bado hajaambiwa. Ndoa mbili tatu ziliyumba kwa ajili hiyo. Wakwe zake walikuwa wanatembea kwa vidole wakipita jikoni kwake, na mtoto yeyote wa kijiji, wa kwake au si wa kwake, aliyekutwa anazurura saa ya chakula aliketishwa kwenye sahani ya bugali na kupigiwa kelele hadi amalize. Mimi mwenyewe nilipigiwa kelele mwaka wangu wa tatu hapa kwamba nimekonda, na tangu hapo sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inafika kituoni kila Ijumaa, nikitaka nisitake. Nilikuwa mbali na mama yangu. Sina haya kusema kwamba nilimpenda yule mwanamke.

Ikafika miaka ambayo vijana wote walikimbilia dhahabu ya Salamabila, Ramazani naye akiwa wa kwanza. Mabega yakaisha kijijini. Wazee walibaki, akina Asani, wanapumua kwa shida kwenye kilima cha kwanza. Zuena akawakusanya wanawake kisimani.

"Wanaume wako Salamabila, wanatafuta dhahabu," aliwaambia. "Mimba zenye waliacha ziko huku. Nani atabeba?"

Haikuwa desturi. Mwanamke wa huku anabeba kichwani na mgongoni, mzigo wa begani ni wa mwanaume, na wazee wengine walisema ni aibu. Wanawake walitengeneza kata za majani ya ndizi, wakazifunga mabegani, wakabeba. Niliwaona wakifika mara ya kwanza. Walikuja taratibu kuliko wanaume, lakini tipoi haikuyumba, na mgonjwa alikuwa amesinzia. Ramazani alirudi mwisho wa mvua, dhahabu hakuipata, alipata redio. Mama yake alimwonyesha nafasi yake ya bega la nyuma, na la redio hakuuliza.

Mzee Asani alifia hapa kituoni, ugonjwa wa mapafu. Aliletwa na tipoi. Ndugu zake walipokuja kumchukua, waliiendea moja kwa moja, na hakika nani angekuwa na haki kuliko yeye, bega la mbele, kulia, kwa miaka yote ile? Zuena alisimama kati yao na tipoi. Alikuwa analia, machozi yanashuka, na hakusogea.

"Mukate miti," alisema.

Ndugu wa Asani walimwambia maneno ambayo siyaandiki. Ramazani alimwambia mama yake mbele ya watu kwamba amemdharau baba yao. Miti ikakatwa. Zuena alitembea nyuma ya mume wake mpaka ng'ambo, na upande wa ukoo ule kuna watu ambao hawakukanyaga tena nyumbani kwake. Hakuniambia kama ilimwuma. Lakini tangu siku ile, akipita hapa kituoni kwenye kitanda alichofia Asani, alikuwa anatazama upande mwingine.

Basi nifike kwenye siku ambayo ndiyo hasa mlitaka niandike, ingawa hamkujua.

Mwaka jana, katika miezi yangu ya mwisho ya kazi, Zuena alianguka kwenye shamba lake la karanga. Tansio, yaani shinikizo la damu, ilikuwa inamsumbua tangu zamani, na dawa nilizompa alikuwa anawagawia wazee wenzake waliokuwa na kichwa kizito. Waliita wabebaji, wakamlaza kwenye tipoi yake, na alikuja akiwalalamikia njia nzima, kwa nusu ya mdomo, maana nusu nyingine ilikuwa imelegea.

"Munapiga mbio kama munabeba muhogo," nilimsikia akisema wakiingia uani.

Tulifanya tulichoweza. Hospitali kubwa ilikuwa mbali kwa hali ile, na yeye mwenyewe alikataa. Asubuhi alinishika mkono, akataka kujua kama tipoi imetolewa juani, kwa sababu jua linakausha kamba. Nikamwambia iko chini ya paa, nimeiona. Akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Kwao ni Waislamu, na marehemu hazikwi kesho. Jeneza la msikiti liko ng'ambo, kulifuata na kurudi nalo kungemaliza siku. Ramazani, ambaye sasa naye ana mvi, alitoka chumbani, akawaambia wabebaji wachukue tipoi.

Nikasimama mlangoni. "Baba, tukate miti," nikamwambia.

"Dokta, mama anatakiwa azikwe leo. Tipoi iko hapa. Ni yake. Aliitengeneza na mikono yake. Leo munataka nimubebe mama ku miti ya kutupa, kama mutu asiye na watoto?"

Uani watu walikuwa wameshajaa, na wengi walikuwa upande wake. Nawaeleza wazi hali yangu: nilikuwa mgeni wa Kasongo, Mkristo, karibu na kustaafu, nabishana na mfiwa mbele ya maiti ya mama yake. Na moyo wangu nao ulitaka alale pale pake. Lakini niliwaona wale wanawake wa kata za ndizi wamesimama pembeni, wanne, wananitazama mimi. Walijua kama nilivyojua. Akirudi nayo leo, kesho hakuna mwanamke mwenye mimba atakayeilalia, na tutarudi kwenye baiskeli na kitenge.

"Ramazani," nikasema, "baba yako alirudi nyumbani na nini?"

Aliigeukia tipoi.

"Uliibeba wewe mwenyewe ile miti. Kama leo mama atarudi na tipoi, basi siku ile ulisema kweli, alimdharau baba yako. Kama hakumdharau, mama naye atarudi vile vile."

Alilia pale pale, mtu mzima, mikono inaning'inia. Kisha akamwomba mlinzi panga, akaenda msituni kukata miti yeye mwenyewe.

Tukaondoka kabla jua halijawa kali. Mbele alikwenda Zuena, amefunikwa kwa shuka nyeupe, juu ya miti mibichi inayotoa utomvu, Ramazani kwenye bega la mbele, kulia. Nyuma ya watu wote walikuja wale wanawake wanne na tipoi tupu. Nami nilikuwa pamoja nao, na mfuko wangu begani kwa mazoea tu. Nilikuwa nimemwachia kijana wetu kituo, nikasema leo siko kazini, leo namzika rafiki yangu.

Tulikuwa tumemaliza kilima cha kwanza alipotokea mwanaume mmoja wa mashamba ya bondeni, anakimbia, kifua wazi. Mke wake ana uchungu tangu jana, anatokwa na damu. Alipoona ni mazishi alisimama, akaona haya, akaanza kuomba radhi. Wale wanawake hawakuniuliza. Waliiingiza tipoi kwenye njia ya mkato ya bondeni, na mimi nikawafuata.

Mke wake alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya kibanda cha shambani. Alituona tunakuja, akainuka kwa kiwiko. Kutoka pale bondeni njia kubwa inaonekana, na msafara ulikuwa unateremka, shuka nyeupe mbele.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Wanawake wakanigeukia. Nikasema mimi. "Mama Zuena."

Aliangalia tipoi. Akajivuta nyuma kwenye mkeka. "Alikufia mule? Ilimubeba?"

"Ilimleta mgonjwa tu," nikasema. "Anarudi kwa miti mibichi, tazama pale."

"Dokta, munasema tu ili nilale. Silali. Niacheni hapa."

Wanawake waliapa, kila mmoja kwa dini yake. Hakuwaamini. Damu ilikuwa imeshapita kwenye mkeka. Nilipiga magoti, nikamwekea koni, nikausikia moyo wa mtoto, unakwenda kasi. Nikamwambia mume wake ambebe mgongoni hadi njia kubwa, aone kwa macho yake. Alibebwa, analia kwa uchungu, na tipoi tupu nyuma yake.

Tulikutana na msafara pale njia inapokuwa nyembamba, majani marefu pande zote mbili. Ramazani alisimama, miti begani.

"Baba," yule mwanamke alimwuliza kutoka mgongoni kwa mume wake, "mama iko wapi?"

Ramazani alimtazama, akatazama kitenge chenye damu kilichofungwa kiunoni mwake. "Mama iko hapa, ku bega langu," alisema. "Mimi ndiyo nilikata hii miti. Ile haikumubeba akiwa maiti. Haijabeba maiti hata mumoja. Lala, dada."

Akalala. Ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, mkono kwenye ule ukingo. Wanawake wakanyanyua, na yule wa mbele, kwa mazoea ya miaka yote, akapiga kelele bila kufikiri:

"Njia!"

Akashtuka, akaziba mdomo wake. Ramazani akawaambia wenzake kitu kwa sauti ndogo, na wakaingia majanini, wao na Mama Zuena, wakasimama mle, majani yakiwafika kifuani, mpaka tipoi ilipopita. Nilipita karibu nao. Niligusa shuka, na sikupata nafasi ya zaidi, kwa sababu wale wanawake walikuwa wameshapata mwendo wao.

Sikufika mazikoni. Mtoto wa kike alizaliwa alasiri, miguu kwanza, akalia kwa shida halafu hakunyamaza. Kama mnatarajia walimwita Zuena, hapana, walimwita jina la shangazi yake, maana shangazi ndiye aliyeleta kuku.

Jioni, jua likiwa bado mitini, Ramazani alikuja kituoni. Alikuwa amevaa nguo zile zile, na udongo mwekundu wa kaburi ulikuwa umemkaukia miguuni. Nilijiandaa kusikia mazishi yalikwendaje, na nani alikuja, na kama upande wa Asani ulifika. Hayo hakuyasema. Alikwenda kwenye tipoi, akaipapasa kamba moja moja, akakung'uta vumbi, akaisogeza mbali na jua kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Wako wazima?" aliniuliza.

"Wazima, wote wawili."

"Basi kesho asubuhi tutawarudisha nayo," alisema, akakaa chini kando yake kungojea.